Antena Ijuayo Kukataa: Mhadhara juu ya Kupokea Redio ya Masafa ya Kati Katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi



Kabla sijaingia katika maudhui yangu, nawaombeni mtoke nami kwa fikira mpaka nje ya ukumbi huu, mtazame upande wa Soko la Burma, penye mabucha na vibanda vilivyosongamana, jirani na Kaloleni na Shauri Moyo, na karibu yake uwanja wa mpira ambao wengi wetu twauita City Stadium hata baada ya kupewa jina la mchezaji marehemu Joe Kadenge. Jina la soko hilo halikutokana na mti wala mto wa nchi hii. Wazee wa mitaa hii walitueleza kwamba lilikuja na askari, wale wa King's African Rifles waliokuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambao mwaka 1944 walipambana na majeshi ya Japani katika nchi ya Burma, wakishuka Bonde la Kabaw kwa miguu katika mvua za msimu zisizokatika, hata Desemba ya mwaka huo wakaufikia mto Chindwin penye mji wa Kalewa. Waliojaaliwa kurejea walirejea na jina hilo midomoni, nalo likabaki.

Sasa jiulizeni: mama aliyebaki nyumbani, ilhali mwanawe yuko katika msitu ambao yeye hawezi hata kuukisia ulipo, alipata habari kwa njia gani? Barua ilikawia, na wengi hawakujaaliwa kusoma. Idhaa ya Nairobi ilikuwapo tangu mwaka 1928, lakini ilisema Kiingereza kwa ajili ya walowezi. Na ni vita hivyo vya pili vya dunia ndivyo vilivyoilazimisha serikali ya kikoloni kutangaza kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Waafrika, ili jamaa za askari wapate kujua yanayotendeka vitani. Basi tangu siku zile, katika nchi hii, tumaini la watu wa kawaida limekuwa likining'inia juu ya uzi wa shaba, na uzi huo ndio niliokuja kuuzungumzia.

Nitasema kwanza juu ya tabia ya wimbi la masafa ya kati, ambalo wengine hulijua kwa herufi mbili, AM, zilizochapwa katika uso wa redio zao. Kisha nitasema juu ya hasimu wake, yaani kelele. Kisha nitazilinganisha antena mbili ambazo mtu wa nyumbani aweza kuzichagua, nazo ni waya mrefu na fremu ya mbao. Na mwisho nitawaeleza namna ya kuiunda fremu hii iliyo juu ya meza mbele yenu, ambayo haina ndani yake kitu hata kimoja kisichopatikana kwa mafundi na wauza vyuma chakavu wa mitaa yetu.

Niruhusuni nianze na kisa cha nyumbani kwetu. Marehemu baba alikuwa mtumishi wa reli, nasi tuliishi Makongeni katika chumba kimoja chenye dirisha moja, na juu ya rafu ya dirisha hilo ilikaa redio ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Jioni baba alitaka habari, na siku za mpira alitaka mpira; lakini sauti ilikuwa ikija na kutoweka, ikichanganyika na mkoromo kama wa kikaango chenye mafuta ya moto. Baba aliamini, kama waaminivyo wengi hata leo, kwamba dawa ya redio isiyoshika ni waya. Akanunua waya, akaufunga kwenye antena ile ya chuma inayovutwa, akautoa dirishani mpaka kwenye mti. Mwezi uliofuata akaongeza waya mwingine, akaupeleka mpaka kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Na mwezi wa tatu akaongeza tena, hata ukatimia mita 30 na ushei. Nami naikumbuka barabara ajabu iliyotokea, ambayo kwa miaka mingi sikuifahamu sababu yake: kwa kadiri waya ulivyorefuka, sauti ilizidi na maneno yakapungua. Mkoromo ulikuwa mkubwa kuliko zamani, na msomaji wa habari alikuwa kama mtu anayesema ndani ya mvua.

Mhadhara wangu wote ni ufafanuzi wa kisa hicho.

Wimbi la redio husafiri kilomita 300,000 kwa kila sekunde. Atakaye kuujua urefu wa wimbi lolote, basi achukue hiyo 300,000 na kuigawanya kwa idadi ya kilohezi iliyoandikwa katika redio yake, naye atapata urefu kwa mita. Masafa ya kati katika bara letu, kwa mujibu wa makubaliano yaliyofikiwa Geneva mwaka 1975, yanaanzia kilohezi 531 na kuishia 1602, kila stesheni ikitengwa na jirani yake kwa kilohezi 9. Tuseme stesheni iko karibu na kilohezi 600: wimbi lake lina urefu wa mita 500. Wataalamu hupenda antena iwe walau robo ya wimbi, na robo ya mita 500 ni mita 125, yaani zaidi ya urefu wa kiwanja cha mpira. Hakuna mpangaji wa Kaloleni wala wa Makongeni mwenye nafasi hiyo. Kwa hiyo yatupasa tukubali tangu mwanzo kwamba katika masafa haya kila antena ya nyumbani ni fupi mno, na kuongeza mita 10 juu ya fupi hakuifanyi kuwa ndefu.

Je, redio ndogo ya transista, ambayo yaweza kubebwa mkononi, yawezaje basi kulinasa wimbi la mita 500? Fungueni redio iliyokufa mkaangalie. Mtaona ndani yake kijiti cheusi, kinene kama kidole au chembamba kama penseli, kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Hicho ni kijiti cha feraiti, nacho ndicho antena ya kweli ya masafa ya kati. Kila wimbi la redio lina sehemu mbili zisizotengana, moja ya umeme na nyingine ya sumaku. Kijiti hiki hukusanya ile ya sumaku, kama bonde likusanyavyo maji ya milima iliyolizunguka. Ile antena ya chuma inayovutwa, ambayo watu huihangaikia, wakaifunga vibanio vya nguo na vifuniko vya sufuria, ni ya FM na ya masafa mafupi; aghalabu haina kazi yoyote katika masafa ya kati. Marehemu baba alifunga waya wake mahali ambapo wimbi alilolitaka halikuwa na mlango wa kuingilia. Kilichoingia ni kile kilichoweza kupenya bila mlango, nacho ni kelele.

Kijiti hicho kina sifa moja ambayo, lau watu wangaliijua, wangaliokoa fedha nyingi. Hakisikii pande zote sawasawa. Kikilala kikiuelekeza ubavu wake upande inakotoka stesheni, husikia vyema. Kikielekeza ncha yake huko, huwa kama kiziwi. Kituo cha kurushia matangazo cha Ngong, ambacho kimeyatuma masafa ya kati ya idhaa ya taifa kwa miaka mingi, kiko upande wetu wa magharibi, kikielekea kusini kidogo. Kwa hiyo mtu aliyekaa karibu na Soko la Burma, akitaka kuipokea Ngong, aigeuze redio yake hata ubavu mrefu ukabili magharibi, na wala asiisimamishe wima kwa upande wake mfupi, kwa sababu kijiti kinapenda kulala. Jambo hilo halina gharama, na mimi nimeona kwa macho yangu redio zilizokwisha kupangiwa kutupwa zikifufuka kwa kugeuzwa robo ya mzunguko.

Baada ya mwelekeo, yafaa tujue saa. Mchana, mwanga wa jua huijenga angani, kwenye kimo cha kilomita 60 hadi 90, tabaka ambayo hulinyonya wimbi la masafa ya kati linalopanda juu, hata libaki lile tu litambaalo juu ya ardhi. Jua likichwa, kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni, tabaka hiyo hutoweka, na mawimbi hupanda mpaka tabaka za juu zaidi, yakaakisiwa na kurudi chini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka. Ndiyo maana usiku wasikilizaji wa Nairobi wameweza tangu zamani kuzisikia Dar es Salaam na Kampala, miji iliyo mbali nasi kwa takriban kilomita 670 na 500, bila ya mtambo wowote kuwekwa katikati. FM haina uwezo huo. Hiyo huenda mpaka pale jicho linapoweza kufika, na ikikutana na mlima imekoma. Wenye jamaa Marsabit na Turkana, na wasafiri wa usiku katika barabara ndefu, wanaifahamu tofauti hiyo vizuri.

Sasa nije kwa hasimu. Lau shida yetu ingalikuwa ni udhaifu wa wimbi peke yake, basi waya mrefu ungaliponya. Lakini katika mitaa ya mashariki ya jiji, ambako nyumba zimeegemeana na kila chumba kina kazi yake, shida kubwa ni wingi wa mawimbi yasiyotakiwa. Taa hizi mpya za kubana matumizi, vifaa vya kuchajia simu, vidude vya televisheni, mashine za kuchomelea za mafundi wa jua kali, mota za viwanda vya upande wa kusini: vyote hivyo hutoa mawimbi yao wenyewe. Chaja ndogo ya simu huukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa kila sekunde, na kila mkato huzaa wimbi dogo, na mawimbi hayo huenea katika nyaya za nyumba nzima, hata ukuta wako ukawa ni stesheni ya kelele pasipo wewe kujua. Aidha mabati ya paa na ya kuta, pamoja na nondo zilizomo ndani ya saruji za nyumba za ghorofa, huizuia stesheni isiingie. Basi mwenye nyumba huwa amejifungia ndani ya sanduku la chuma pamoja na adui yake.

Kwa hiyo nawausieni kwamba kabla ya kuunda antena yoyote, mfanye uchunguzi huu. Tieni mawe mapya ndani ya redio ili isitegemee umeme wa ukutani. Iwekeni kwenye kilohezi isiyo na stesheni, msikilize mkoromo wake. Kisha zimeni swichi kuu ya nyumba. Mkoromo ukinyamaza, kelele ni yenu wenyewe. Uwasheni umeme tena, mkizima kifaa kimoja baada ya kingine mpaka mkipate chenye hatia. Mkoromo usiponyamaza, kelele ni ya jirani au ya mtaa, nanyi mtahitaji antena yenye busara. Tena tembeeni na redio hiyo chumbani, mkiisogeza karibu na kila ukuta na kila kona. Itawaonyesha penye kelele haba, napo ndipo itakapokaa, na mara nyingi ni dirishani.

Tuje basi kwenye kuchagua. Antena ya kwanza ni waya mrefu, nayo siitukani, kwa sababu ina mahali pake. Mtu aliye shambani, mwenye uwanja mpana na miti miwili, mbali na nguzo za umeme, atafaidika sana na waya wa shaba wa mita 15 hadi 30, uliotundikwa juu kadiri awezavyo, ukafungwa kwa kamba za nailoni kwenye ncha zake ili shaba isiguse mti. Redio yake ikiwa na tundu la antena na tundu la ardhi, atie waya katika la kwanza, na la pili aliunganishe na nondo iliyopigwa katika udongo mbichi. Ikiwa ni redio ndogo isiyo na matundu, basi auzungushe mwisho wa waya huo mara 5 au 10 kuzunguka mwili wa redio, mahali kilipo kijiti cha feraiti, kisha mwisho wake aupeleke ardhini. Wimbi litaruka lenyewe kutoka waya hadi kijiti bila kuunganishwa. Lakini na aogope mambo mawili. Asiupitishe waya juu wala chini ya nyaya za umeme, maana ukikatika ukazigusa, ni mauti. Na mawingu ya mvua yakikusanyika, autoe waya ndani ya redio na kuuacha nje ukiwa umeunganishwa na ardhi, kwa sababu radi haichagui. Wenzetu wa Kisii na Kericho, ambako radi za alasiri ni jambo la kila wiki, hawahitaji kuambiwa mara mbili.

Waya huo, hata hivyo, una tabia moja inayoufanya usifae hapa kwetu. Hukusanya kila kitu. Hautofautishi sauti ya Ngong na ngurumo ya mashine ya kuchomelea. Vyote huvivuna pamoja na kuvimimina ndani ya redio. Huko shambani penye utulivu, mavuno yake ni nafaka. Hapa Burma mavuno yake ni nafaka na mchanga, na mchanga ni mwingi zaidi. Hicho ndicho kisa cha baba. Kila mita aliyoiongeza ilimletea mtaa, si stesheni.

Antena ya pili ni hii mnayoiona mezani: msalaba wa mbao uliozungushiwa waya kama utando wa buibui wa pembe nne. Msidhani kwamba ni kitu cha kubuniwa jana. Heinrich Hertz, yule mwanachuoni wa Ujerumani aliyethibitisha katika mji wa Karlsruhe, baina ya mwaka 1886 na 1888, kwamba mawimbi ya redio yapo kweli, alitumia kitanzi cha waya ili kuyanasa. Basi kitanzi ni babu wa antena zote za kupokelea. Baadaye mabaharia walitumia vitanzi vya namna hiyo kutambua upande inakotoka ishara ya meli au ya mnara, na sababu iliyowafaa wao ndiyo itakayotufaa sisi: kitanzi hujua pande.

Nawatakeni msikilize kwa makini hapa, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Fremu husikia kwa ukingo wake na haisikii kwa uso wake. Ielekeze ukingo kwa stesheni, nayo itaisikia. Ielekeze uso kwa kitu, nayo itakikataa. Na tena, upande wa kusikia ni mpana, hata ukiigeuza fremu robo nzima ya pembe mraba au zaidi kidogo, sauti haitapungua sana. Lakini upande wa kukataa ni mwembamba kama uzi. Hivyo fundi mwerevu haigeuzi fremu akitafuta mahali ambapo stesheni ni kubwa kuliko pote. Huigeuza polepole, kwa vidole viwili, akitafuta mahali ambapo kelele inazama. Na akipapata, huiacha hapo hapo, kwa kuwa stesheni itakuwa bado ipo. Sisi wa Burma tumejaaliwa katika jambo hili, kwa sababu fremu iliyoelekeza ukingo wake Ngong, upande wa magharibi na kusini kidogo, uso wake hukabili takriban viwanda vilivyo kusini mwetu. Usiku, stesheni mbili za mbali zikigongana katika kilohezi ileile, moja ya upande wa Dar es Salaam na nyingine ya upande wa Kampala, mwenye fremu aweza kuizamisha mojawapo na kuisikiliza ya pili, kisha akageuza akafanya kinyume chake. Kelele iliyo ndani ya chumba chako mwenyewe haitatii sheria hii kikamilifu, maana iko karibu mno na inatoka katika kila ukuta. Hiyo ni ya kuzimwa, kama nilivyosema.

Namna ya kuiunda ni hii. Chukueni fito mbili za mbao kavu, kila mmoja sentimita 85, mzifunge katikati kuwa msalaba. Kwenye kila ncha gundisheni kibao cha upana wa sentimita 8, mkate juu yake kwa msumeno mwembamba mikato 13, kila mmoja ukiachana na mwenziwe kwa nusu sentimita. Msitumie misumari karibu na waya. Gundi ya seremala yatosha. Kisha zungusheni waya, mkianza mkato wa kwanza na kuishia wa kumi na tatu, mkiuvuta ukaze bila kukatika, hata mpate mraba ambao kila upande wake ni sentimita 60. Waya utakaotumika ni mita 31 na kidogo. Ule wa shaba uliopakwa vanishi, unaotolewa katika mota na transfoma zilizoungua, wafaa sana, illa hakikisheni kwamba vanishi haikuungua. Na waya wa kawaida wa umeme wenye ganda la plastiki wafaa pia.

Kinachobakia ni kondensa ya kuzungusha, ile yenye visahani vinavyoingia na kutoka kati ya visahani vingine pale kitufe cha kutafutia stesheni kinapogeuzwa. Itafuteni katika redio kubwa za zamani, zile za sanduku la mbao. Yenye kiasi cha pikofaradi 365 au zaidi kidogo ndiyo inayoafikiana na hesabu hii. Zilizomo katika redio ndogo za plastiki huwa na kiasi kidogo, lakini sehemu zake mbili zikiunganishwa pamoja huenda zikakaribia. Ncha moja ya waya ilehemuni kwa risasi kwenye visahani visivyozunguka, na ncha ya pili kwenye mwili wa kondensa. Hakuna betri, hakuna umeme, hakuna kitu kingine. Mkiona fremu haifiki kwenye stesheni za kilohezi za chini, ongezeni mzunguko mmoja. Isipofika za juu, punguzeni mmoja. Usione vyaelea, vimeundwa. Na fundi wa kwanza aliyeziunda hizi alikosea mizunguko kama mtakavyokosea ninyi, akahesabu upya.

Kuitumia ni hivi. Iwekeni redio karibu na fremu, pasipo waya wowote wa kuviunganisha, hata kijiti chake cha feraiti kiwe kama mshale unaotaka kupita katikati ya dirisha la fremu. Fungueni redio kwenye stesheni dhaifu ambayo mwaijua ipo. Kisha zungusheni kondensa ya fremu taratibu. Kwa muda hapatatokea lolote. Mkoromo ni uleule. Halafu, katika upana mdogo kama unene wa ukucha, mtausikia mkoromo ukishuka kana kwamba mtu amefunga mlango wa kiwanda, na sauti ya binadamu itatokea mbele, karibu, pamoja na pumzi zake. Nimelifanya jambo hilo mara nyingi mno, na bado kila mara mkono wangu husimama wenyewe.

Wazee waliomo humu wanazikumbuka siku za mpira uwanjani hapo jirani, mtangazaji alipolitaja jina la Kadenge na nchi nzima ikainama kwenye redio. Mtu aliyekaa na redio yake nusu kilomita kutoka uwanjani aliushuhudia muujiza ambao pengine hakuujua kuwa ni muujiza: kishindo cha mashabiki alikisikia ndani ya redio kwanza, kikiwa kimekwisha kwenda mpaka mtambo wa kurushia na kurudi, na baada ya zaidi ya sekunde moja ndipo kishindo kilekile kilipomfikia kwa hewa, kikipita juu ya mapaa. Wimbi lilikuwa limekwenda makumi ya kilomita na kumtangulia jirani yake. Kitu chenye mwendo kama huo hakistahili kupotezwa katika hatua ya mwisho, baina ya dirisha na sikio, kwa sababu ya uvivu wetu wa kugeuza kijiti.

Basi ninalowaombeni ni jambo dogo. Usiku wa leo, kabla hamjanunua chochote, itoeni redio juu ya televisheni, mwiweke dirishani, mzime chaja za simu, mwigeuze robo ya mzunguko, kisha robo nyingine, mkisikiliza. Atakayeona nafuu atakuwa amekwisha kuifahamu nusu ya ilmu hii, na nusu ya pili ni fito mbili na waya.

Nami kila nizungushapo waya kwenye mbao hizi, ninapofika mkato wa kumi na tatu na kuona kipande kilichobakia mkononi, humkumbuka marehemu baba. Hakukosa waya. Mita 30 na ushei alizozinunua kwa mshahara wa reli, miezi mitatu mfululizo, akazitandaza kutoka dirishani hadi kwenye mti na kutoka kwenye mti hadi kwenye nguzo ya nguo, ndizo zilezile zinazotosha fremu moja. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba auvute urudi ndani, auzungushe, na kuupa uso wa kukataa. Mimi wakati ule nilikuwa mtoto, sikujua. Ninyi sasa mmeambiwa. Basi mwambieni na jirani.